Tovuti Imefunguka Lakini Haisomeki: Kutafuta Chanzo Kuanzia Dalili

Malalamiko mengi kuhusu tovuti hufika kwa sentensi moja: "Tovuti yenu haifanyi kazi." Mwenye tovuti huchukua simu yake, hufungua ukurasa, huona picha na maandishi yote yapo, kisha hujibu: "Mbona kwetu inafunguka?" Mazungumzo yakaishia hapo. Aliyelalamika haoni, au hasikii, au mikono yake haishiki kipanya, na jibu hilo halimfai kitu. Ukurasa ule ule, saa ile ile, unaweza kuwa wazi kwa mmoja na kufungwa kwa mwenziwe.

Mwongozo huu nimewaandikia wanaosimamia tovuti hapa Lamu: maafisa wa kaunti kule Mokowe, makarani wa shule, wenye nyumba za wageni Mkomani na Shela, vyama vya akiba na mikopo, na vijana wa saiba za Langoni ambao ndio huwapokea watu wakishashindwa. Nimeupanga kwa kauli za wanaolalamika, maana dalili huanzia kinywani mwao. Utaratibu wangu ni kuchunguza ukurasa kwanza, kisha kifaa, na mtumiaji awe wa mwisho. Mara nyingi hatufiki kwake.

Tunalozungumza hapa ni haki, wala halingoji huruma ya mtu. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara ya 9 ya mkataba huo inaitaja intaneti kwa jina. Tangu 2022 tuna kiwango chetu wenyewe, KS 2952, kilichotolewa na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) kwa kufuata kiwango cha Ulaya EN 301 549. Kwa upande wa kurasa za wavuti, hicho cha Ulaya huegemea WCAG, yaani kanuni za kuzifanya kurasa zifikiwe na wenye ulemavu, zilizotolewa na W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti. Kanuni hizo zina ngazi tatu, A ya chini, AA na AAA ya juu, na inayotakiwa ni AA. Fundi akikuuliza "Nani kasema?", unayo namba ya kumpa. Ndiyo maana kwenye kila dalili hapa chini nimetaja kifungu cha WCAG kinachohusika.

Kabla ya kugusa chochote

Pakua NVDA kwenye kompyuta ya Windows. Ni programu ya kusoma skrini, haina malipo, na ilianzishwa Australia mwaka 2006 na mafundi wawili wasioona. Kwenye simu za Android ipo TalkBack, na kwenye iPhone ipo VoiceOver, zote zimo ndani ya simu tayari. Ukitaka kujaribu TalkBack, jifunze kwanza namna ya kuizima, kwa sababu ikishawaka, kugusa mara moja huchagua tu na kugusa mara mbili ndiko kunakobonyeza. Wengi hubabaika hapo wakadhani simu imeharibika.

Kwenye NVDA yatosha kujua vitufe vichache: H hukupeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, B kwenye kitufe, K kwenye kiungo, F kwenye nafasi ya kujaza, G kwenye picha. Insert na F7 kwa pamoja huleta orodha ya viungo, vichwa na vitufe vyote vya ukurasa. Insert na Q huizima. Kisha weka kipanya kando na ugeuze uso usitazame skrini. Bila kufanya hivyo utakuwa unapima kwa macho yako, na macho yako si ya mlalamikaji.

"Inaniambia kitufe, kitufe, kitufe, lakini haisemi vya nini"

Chanzo chake karibu kila mara ni michoro iliyotumiwa badala ya maneno: mistari mitatu ya menyu, kioo cha kutafutia, alama ya simu ya kijani. Mwenye macho huuona mchoro akaelewa. Kisoma-skrini hakioni mchoro, husoma jina lililoandikwa ndani ya msimbo, na pasipo jina hubaki kutaja aina ya kitu tu. Mpe kila kitufe jina: ama maneno yanayoonekana, ambayo ndiyo bora, ama sifa ya aria-label, ambayo ni jina linaloandikwa ndani ya msimbo bila kuonekana kwenye skrini. Kifungu ni 4.1.2.

Ndugu yake ni picha isiyo na maelezo (1.1.1). Picha ikiwa ndani ya kiungo na haina maelezo, kisoma-skrini mara nyingi husoma jina la faili, na kwa kuwa wengi wetu tunapokea picha kwa WhatsApp, msikilizaji hulazimika kusomewa IMG, kistari, tarehe nzima, WA na tarakimu nyingine nne. Jaza sehemu ya alt, ambayo ndiyo nafasi ya maelezo ya picha ndani ya msimbo. Na hapa nina ombi kwa wenye nyumba za wageni. Msiandike "picha nzuri ya nyumba yetu". Andikeni kile ambacho picha inamwambia anayetaka kulala hapo: "Ngazi ya mawe kutoka ukumbini hadi ghorofa ya kwanza, nyembamba, haina pa kushikilia." Nyumba za Mji wa Kale zina ngazi kali, vichochoro vyake havipiti gari, na kutoka jetini mtu huja kwa miguu, kwa punda au kwa mkokoteni. Anayetembelea magongo anahitaji kulijua hilo kabla hajalipa, si baada ya kushuka kwenye boti. Picha ya pambo tupu, kama ukingo wa nakshi, iachie alt="" bila neno ndani, nayo itarukwa kimya.

"Kiswahili chenu kinasomwa kwa sauti ya Mzungu"

Dalili hii ndiyo inayotuhusu sisi kuliko wote, na ndiyo ninayoikuta ikiwa haijashughulikiwa hata kwenye tovuti ambazo mengine yote yamekaa sawa. Mtu asiyeona anafungua tangazo la Kiswahili safi, anasikia sauti ikiyasoma maneno kana kwamba ni ya Kiingereza. "Pole", "wake" na "mate" hutoka kama maneno mengine kabisa, na "ng'ombe" haitambuliki. Baada ya aya mbili mtu huchoka, hufunga ukurasa, akamwomba mtoto amsomee.

Kuna vyanzo viwili na ni lazima uvitenganishe, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Cha kwanza kiko kwenye ukurasa. Mstari wa juu kabisa wa msimbo hutaja lugha ya ukurasa, na violezo vingi vya tovuti huja vimeandikwa lang="en". Anayetafsiri maneno yote kwa Kiswahili bila kubadili mstari huo ameiambia mashine kwamba kilichomo ni Kiingereza, nayo inatii. Chanzo cha pili kiko kwenye kifaa: sauti ya Kiswahili haimo, au haikuchaguliwa.

Namna ya kuvitenganisha ni nyepesi. Mwambie mlalamikaji afungue Wikipedia ya Kiswahili, ambayo kurasa zake zimetajwa kuwa za Kiswahili. Ikisomeka vizuri kule na vibaya kwako, kosa ni lako. Ikisomeka vibaya kote, anzia kwenye kifaa chake. Kwa NVDA, bonyeza Insert, Ctrl na S, uchague eSpeak NG, ambayo ina Kiswahili, kisha hakikisha kwenye mipangilio ya usemaji kwamba kubadili lugha kwenyewe kumewashwa. Sauti ya eSpeak ni kavu, haipendezi masikioni, lakini inayatamka maneno kama yalivyo.

Kosa likiwa lako, badilisha uandike lang="sw" (3.1.1). Programu nyingi za kutengenezea tovuti huweka lugha kwenye mipangilio ya jumla, na usipoiona hapo, fungua kiolezo chenyewe. Usiishie hapo. Tovuti zetu huchanganya lugha. Tangazo la Maulidi linaweza kuwa na aya ya Kiswahili, kichwa cha Kiarabu na anwani ya Kiingereza kwa wageni. Kila kipande cha lugha nyingine kitajwe lugha yake (3.1.2): lang="ar" pamoja na dir="rtl" kwa Kiarabu ili kisomwe kutoka kulia, na lang="en" kwa aya ya Kiingereza. Majina ya watu na ya mahali hayahitaji kufanyiwa hivyo.

Kazi hii ni ya dakika chache, na sioni sababu ya ofisi yoyote ya umma ya pwani kuiahirisha hadi mwaka mpya wa bajeti.

"Nimefungua tangazo, inasema hati ni tupu"

Hapa pana watu wengi waliokosa kazi na basari.

Fungua hati hiyo ya PDF na ujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Neno likikubali kuchaguliwa, kuna maandishi ndani. Ukurasa mzima ukichaguliwa kama kipande kimoja, au usichaguliwe kabisa, ulichonacho ni picha ya karatasi. Kwa kisoma-skrini, picha hiyo haina hata herufi moja.

Sasa uliza kwa nini hati iliyochapwa kwa kompyuta, ikiwa na kila herufi yake, imegeuka picha. Jibu ni mhuri na sahihi. Karani huandika tangazo, hulichapisha kwenye karatasi, mkubwa hutia sahihi, mhuri hugongwa, karatasi hupitishwa kwenye skana, na kinachopandishwa mtandaoni ni hiyo skani. Nia ni njema, watu wajue tangazo ni la kweli. Ila kwa kufanya hivyo ofisi imemfungia nje kila anayesikiliza badala ya kutazama, pamoja na mwenye uoni hafifu anayetaka kukuza herufi bila kuziona zikififia.

Dawa si kuacha mhuri. Weka maneno ya tangazo kwenye ukurasa wenyewe, kama maandishi ya kawaida, yakiwa na vichwa vyake, kisha chini yake weka kiungo cha nakala yenye mhuri kwa anayeihitaji. Maneno ya ukurasa hufunguka upesi hata kwa simu ndogo, nayo hayali bando kama skani ya kurasa kumi. Ukilazimika kutoa PDF, itoe moja kwa moja kutoka kwenye faili uliloandikia, ukitumia mitindo ya vichwa na kuruhusu alama za muundo zihifadhiwe. Hati za zamani ambazo asili yake imepotea zipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi, kisha mtu azisome tena neno kwa neno, hasa tarakimu. Sifuri iliyosomwa kama herufi O kwenye jedwali la bajeti ni hatari kuliko ukurasa mtupu, kwa sababu mtupu angalau unajulikana.

Picha za matangazo zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa zina tatizo hilo hilo. Mwenye kutuma tangazo na ayaandike maneno yake chini ya picha. Halihitaji ufundi.

"Inanilazimu nisikilize yote tangu juu"

Maneno yameandikwa kwa wino mzito ili yaonekane kama vichwa, lakini msimbo hauyatambui kuwa vichwa (1.3.1). Bonyeza H kwenye NVDA. Ikisema hakuna kichwa kinachofuata ilhali wewe unaviona, umepata chanzo. Tumia alama za vichwa za msimbo, h1, h2, h3, kwa mpangilio. Viungo navyo vieleweke vikisikika peke yake (2.4.4). Orodha ya viungo kumi na viwili vyote vinavyosema "bonyeza hapa" haimpeleki mtu popote.

"Nimejaza fomu, imenirudisha mwanzo"

Fomu ndizo zinazoumiza zaidi, na nitazikalia.

Mtu asiyeona akishindwa na ukurasa wa habari, amekosa habari. Akishindwa na fomu, huenda saiba. Pale humkabidhi kijana asiyemjua namba ya kitambulisho, nywila, namba ya siri inayoingia kwenye simu, wakati mwingine na taarifa za ugonjwa wake. Nimesikia mama mtu mzima akiambiwa, "Bi, nitajie nywila yako kwa sauti, kuna kelele," na foleni yote ikasikia. Kijana hakukusudia ubaya, alikuwa akisaidia. Aliyekosa ni aliyetengeneza fomu ambayo mama yule hawezi kuijaza mwenyewe akiwa kwake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka siri za watu zilindwe, na mlango wa kwanza wa kuzilinda ni mwenye siri kuweza kuziandika kwa mkono wake.

Basi pita hatua kwa hatua. Anza na majina ya nafasi. Bonyeza F na usikilize. Ikisema "hariri, tupu" bila kutaja kama ni jina au namba ya simu, nafasi haina lebo. Wengi huweka neno la kijivu ndani ya kisanduku wakadhani limetosha, lakini neno hilo hutoweka mtu akianza kuandika, na hata anayeona lakini husahau upesi hujikuta hajui tena anajaza nini. Kila nafasi iwe na lebo yake (label) iliyofungwa nayo kwenye msimbo (1.3.1, 3.3.2).

Kisha jaribu menyu ya kuchagua wodi. Lamu ina wodi 10, na kwa mpangilio wa alfabeti ya kwanza ni Bahari na ya mwisho ni Witu. Fomu nyingine zimeundwa hivi: ukichagua tu, ukurasa unaruka wenyewe kwenda hatua inayofuata. Anayetumia kipanya hafahamu tatizo, hushuka akabonyeza Witu akamaliza. Anayetumia kibodi hubonyeza mshale wa chini mara moja, menyu inagusa Bahari, na ukurasa umeshaondoka naye. Anarudi, anajaribu tena, anapelekwa Bahari tena. Mkazi wa Witu hawezi kufika Witu. Kifungu cha 3.2.2 kinakataza ukurasa kubadilika kwa ghafla namna hii. Weka kitufe cha "Endelea" na uache menyu itulie.

Halafu fanya kosa kwa makusudi. Acha nafasi moja wazi na utume. Je, unasikia nini? Fomu mbovu hupaka kisanduku rangi nyekundu na kunyamaza. Asiyeona hajui kilichotokea, na asiyetofautisha nyekundu na kijani pia hajui (1.4.1). Kosa liandikwe kwa maneno, karibu na mahali pake, likisema kipi kirekebishwe (3.3.1): "Namba ya kitambulisho haijajazwa." Uteuzi wa kibodi uruke hadi hapo, na yale aliyokwisha kuyaandika yasifutwe.

Muda nao ni chanzo kinachosahaulika. Kujaza fomu kwa kusikiliza huchukua muda mrefu kuliko kwa kutazama, na ongeza mtandao unaoyumba ukivuka kuelekea Faza au Kiunga. Fomu inayojifunga baada ya dakika chache bila onyo humrudisha mtu mwanzo kila mara. Kifungu cha 2.2.1 kinataka aonywe kabla muda haujaisha na apewe angalau sekunde 20 za kuomba nyongeza kwa kitendo chepesi. Afadhali zaidi, ondoa kikomo pale ambapo usalama haukihitaji.

Mwisho ni yale mafumbo ya "thibitisha wewe si roboti", chagua picha zenye taa za barabarani. Kwa asiyeona ni ukuta. WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 imeongeza kifungu cha 3.3.8 kuhusu kuingia kwenye akaunti bila kumtahini mtu kumbukumbu wala kutatua mafumbo, ingawa kwa ngazi ya AA mafumbo ya kutambua vitu kwenye picha bado kimeyaruhusu. Ruhusu nywila ibandikwe, usizuie programu ya kuhifadhi nywila, na tafuta kinga ya roboti inayofanya kazi nyuma ya pazia.

"Maandishi siyaoni vizuri"

Haya ni malalamiko ya watu wenye uoni hafifu, wakiwemo wenye ualbino, na ya yeyote aliyesimama jetini saa sita jua likimpiga simu usoni. Tovuti za utalii hapa zinapenda maandishi meupe juu ya picha ya maji ya bahari, na katikati ya wimbi maneno hupotea. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafikie uwiano wa 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma yake, na makubwa 3 kwa 1 (1.4.3). Mfano wa kushika: kijivu #777777 juu ya nyeupe hufikia 4.48, kimeshindwa. #767676 hufikia 4.54, kimepita. Kama hutaki kuiacha picha, weka kivuli kizito kati yake na maneno.

Kisha kuza ukurasa hadi asilimia 200. Ukikataa kukua kwenye simu, tafuta user-scalable=no kwenye msimbo ukiondoe. Ukikua lakini menyu ikafunika nusu ya skrini, au ikabidi uvute kushoto na kulia kusoma kila mstari, mpangilio ndio wa kurekebishwa (1.4.4, 1.4.10).

"Situmii kipanya, na nimekwama"

Bonyeza Tab tangu juu ya ukurasa hadi chini. Ukishindwa kujua uko wapi, mtengenezaji ameondoa mstari unaozunguka kitu kilichochaguliwa, kwa kawaida kwa kuandika outline: none kwa sababu aliuona haupendezi. Urudishe (2.4.7). Ukishindwa kufikia menyu, basi inafunguka kwa kupitishiwa kipanya tu (2.1.1). Ukiingia kwenye dirisha la mazungumzo au kalenda ya tarehe za kulala na Tab ikakataa kukutoa, huo ni mtego, nao umekatazwa kwenye ngazi ya chini kabisa, A (2.1.2). Kwa kalenda, ruhusu tarehe iandikwe kwa mkono pia.

"Kikao kilirushwa, mimi sikuambulia kitu"

Hayo ni ya kiziwi. Vikao vya kupokea maoni ya wananchi kuhusu bajeti siku hizi hurushwa moja kwa moja mtandaoni, na viziwi huona midomo inacheza. Video iliyorekodiwa inatakiwa iwe na maandishi ya chini hata kwa ngazi A (1.2.2), na inayorushwa moja kwa moja kwa ngazi ya AA (1.2.4). Maandishi yanayoundwa na mashine yakaguliwe na mtu kabla ya kuachwa yabaki, hasa majina ya vijiji na kiasi cha fedha.

WCAG inaweka lugha ya ishara kwenye ngazi ya AAA, na kwa hiyo baadhi ya mafundi husema hailazimiki. Kwa Kenya mimi sikubaliani nao. Ibara ya 120 ya Katiba imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na kiziwi aliyekulia kwenye ishara anaweza kuyaona maandishi ya haraka ya Kiswahili kuwa lugha ya pili. Ofisi ya umma iweke mkalimani. Dirisha lake liwe kubwa kiasi cha vidole na uso kuonekana kwenye simu, na lisifunikwe na nembo.

"Tumeweka kile kidude cha ufikivu, bado wanalalamika"

Ni ile alama ya mtu aliyekunjua mikono pembeni mwa ukurasa, inayouzwa kwa ahadi kwamba mstari mmoja wa msimbo utamaliza kila kitu. Hauwezi. Hauandiki maelezo ya picha zako kwa usahihi, hauitengenezi PDF ya mhuri, na wakati mwingine hugongana na kisoma-skrini ambacho mtu anacho tayari. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1 kwa madai yake kwamba bidhaa yake ingeifanya tovuti yoyote itimize WCAG. Fedha ya kidude mlipe mtu asiyeona aipime tovuti yenu.

Vipimo vya mashine kama WAVE na Lighthouse vina kazi yake, hunasa rangi hafifu na lebo zilizokosekana kwa sekunde. Havijui kama maelezo ya picha ni ya kweli. Alama 100 ni mwanzo wa kupima.

"Tulirekebisha, likarudi"

Tatizo linalorudi chanzo chake kimehama kutoka kwenye msimbo kwenda kwenye ofisi. Karani mpya anapandisha skani, fundi mpya anabadilisha kiolezo na lang="en" inarudi. Andikeni ndani ya zabuni na mkataba kwamba kazi itimize KS 2952 na WCAG ngazi ya AA, kwamba itapimwa na watumiaji wenye ulemavu kabla ya malipo ya mwisho, na kwamba wafanyakazi wanaopandisha habari watafunzwa. EN 301 549 yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya manunuzi ya umma, na nguvu yake iko pale kabla fedha hazijatoka. Kiwango hakihusu wavuti peke yake, kinagusa pia programu za simu, hati na vifaa.

Namna ya kuripoti ili irekebishwe

Kwako unayelalamika: taja ukurasa, kifaa, programu unayotumia, ulichofanya na kilichotokea. Kwa mfano: "Assalaam aleikum. Natumia simu ya Android na TalkBack. Kwenye fomu ya basari, nikifika kwenye wodi, ukurasa unaruka kabla sijachagua. Naomba mrekebishe, na kabla ya hapo mnipe njia nyingine ya kutuma maombi kabla ya siku ya mwisho." Sentensi ya mwisho usiiache, matengenezo huchukua muda na tarehe haisubiri.

Ofisi ya umma ikinyamaza kuhusu habari unayoitaka, iombe rasmi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Hapo inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Asiyeweza kuandika kwa sababu ya ulemavu anaweza kutoa ombi kwa mdomo, na afisa ndiye wa kuliandika. Rufaa huenda kwa Tume ya Haki za Utawala, ile tuijuayo kama Ombudsman. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nalo lipelekewe nakala.

Kwako unayepokea: jibu siku hiyo hiyo hata kama hujapata dawa. Mwambie mlalamikaji umesikia, mpe namba ya mtu atakayemjazia fomu kwa simu na kwa siri, na ukishamaliza matengenezo mwombe ajaribu yeye kabla hujaandika kwamba yamekwisha.